Kinga ya mjamzito haishuki, inahama lindo: jinsi ya kwenda nayo wiki kwa wiki

Mjamzito akipata mafua mara mbili ndani ya mwezi, jirani atamwambia kinga yake imeshuka, na kesho yake ataletewa chupa ya dawa ya kuongeza kinga. Kauli hiyo imezoeleka hata kwenye vituo vya afya, lakini haielezi kinachotokea. Chembe nyeupe za damu za mjamzito huongezeka, hazipungui. Akichanjwa, mwili wake hutengeneza kingamwili (protini za kupambana na vimelea) kama wa mwanamke mwingine yeyote. Kinachobadilika ni malindo: ulinzi wa aina moja unalegezwa, wa aina nyingine unakazwa, na mpangilio wa wiki ya 8 si wa wiki ya 24, wala si wa siku ya uchungu. Ukijua lindo lipi limelegezwa na lini, utajua ni sindano, vidonge na tahadhari zipi zinakuhusu, na zipi zinamtajirisha muuzaji tu.

Kwa nini mwili haumkatai mtoto

Nusu ya urithi wa mtoto imetoka kwa baba. Kwa kanuni ya kawaida ya kinga, mtoto ni mgeni sawa na figo iliyopandikizwa kutoka kwa mtu baki, na figo kama hiyo bila dawa za kutuliza kinga hukataliwa. Swali la kwa nini mimba haikataliwi liliwekwa mezani na mwanasayansi Peter Medawar wa Uingereza mwaka 1953, na majibu yamekuja kipande kwa kipande tangu hapo.

Kipande cha kwanza kiko kwenye kondo la nyuma. Seli zake za nje, zinazogusana na damu na nyama ya mama, hazibandiki usoni zile alama za HLA-A na HLA-B ambazo kinga huzitumia kumtambua mgeni. Hubandika HLA-G, alama ambayo ni nadra kuonekana kwingine mwilini, na chembe ya kinga inayoikuta hutulia. Kipande cha pili ni seli za NK. Jina lao kamili linatisha, seli uuaji asilia, na katika miezi 3 ya kwanza ndizo takriban 70% ya chembe nyeupe zote zilizo kwenye ukuta wa mji wa mimba. Lakini hapo haziui. Zinasaidiana na seli za kondo kupanua mishipa midogo ya mama ili damu ipite kwa wingi bila presha. Juu ya hayo, homoni ya projesteroni na kundi jingine la seli, zile za kutuliza kinga, hupoza ugomvi wowote unaotaka kuanza.

Utulivu huo una vipindi. Mimba inapojishikiza, mji wa mimba huwaka kama kidonda kinachopona. Miezi ya katikati hutulia. Mwishoni kinga huamka tena, na mwamko huo ni sehemu ya kinachoanzisha uchungu. Ndiyo maana maambukizi makali katikati ya mimba yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati: yameamsha mapema kitu kilichotakiwa kulala.

Kilichopungua hasa ni nguvu ya kupambana na vimelea vinavyojificha ndani ya seli, yaani virusi na baadhi ya bakteria. Na si kila tatizo ni la kinga. Mafua yanayogeuka homa ya mapafu yanachangiwa pia na mji wa mimba kuusukuma kiwambo cha kupumulia juu. UTI inachangiwa na projesteroni kulegeza mirija ya mkojo, mkojo ukatuama.

Karatasi ya maabara

Hapa ndipo wajawazito wengi wanapopewa dawa wasizohitaji. Kwa mtu asiye na mimba, chembe nyeupe ni kati ya elfu 4 na elfu 11 kwa kila maikrolita ya damu. Kwa mjamzito, elfu 12 hadi 15 zinaweza kuwa kawaida kabisa, na siku ya kujifungua zinaweza kupita elfu 25 bila ugonjwa wowote. Mashine haijui kama una mimba. Inachapa alama ya "juu", na mtu anayesoma kwa haraka anakwambia una maambukizi kwenye damu. Uliza swali moja tu: maambukizi yako wapi? Kama huna homa, hukojoi kwa maumivu, hukohoi, na mkojo ni safi, namba hiyo peke yake haitoshi kuanzishiwa sindano za siku 5.

Kipimo cha ESR, cha kasi ya chembe nyekundu kutuama, nacho hupanda kwa sababu ya mimba, hivyo hakisaidii kutafuta ugonjwa. Kwa anayeishi na VVU, idadi ya chembe za kinga za CD4 hushuka kidogo kwa kuwa maji ya damu yameongezeka. Cha kufuatilia ni wingi wa virusi. Namba ya kuitilia maanani ni himoglobini. Chini ya 11 ni upungufu wa damu (katikati ya mimba kikomo ni 10.5), na mtu mwenye upungufu wa damu hupambana vibaya na kila ugonjwa ulioandikwa humu.

Malaria: ugonjwa unaopata nyumba mpya

Mwanamke aliyekulia Kigoma, Mtwara au kando ya Ziwa Victoria ameumwa malaria mara nyingi utotoni, na akifika utu uzima ana kinga ya kutosha asilale kitandani. Akishika mimba ya kwanza, kinga hiyo inapitwa. Vimelea vinabandika kwenye chembe nyekundu protini iitwayo VAR2CSA, na protini hii hunasa kwenye kondo la nyuma. Kabla ya mimba hakukuwa na kondo, kwa hiyo mwili haujawahi kutengeneza kingamwili dhidi ya sura hii. Chembe zilizojaa vimelea zinajikusanya kwenye kondo na kuziba njia ya chakula cha mtoto. Mimba ya pili na ya tatu mama anakuwa ameanza kuitambua sura hiyo, na hatari hupungua. Penye malaria kidogo, kama nyanda za juu, hakuna kinga ya kutegemea, na mimba ya tano ina hatari kama ya kwanza.

Matokeo yake kiutendaji ni haya. Mama anaweza asiwe na homa hata kidogo. Kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kusoma hasi huku kondo limejaa, kwa kuwa vimelea havizunguki kwenye damu ya kidoleni. Kwa hiyo kusubiri uumwe ndipo utibiwe hakufai, na hiyo ndiyo sababu ya kupewa SP, vidonge vya kuzuia malaria, ukiwa mzima.

Dozi ni vidonge 3 kwa mkupuo, kila kimoja kina miligramu 500 za sulfadoksini na 25 za pirimethamini. Unavimeza hapohapo kliniki, mbele ya muuguzi. Ukiwa umekula au hujala, haidhuru. Beba chupa yako ya maji, maana kikombe kikikosekana utaambiwa ukameze nyumbani, na vidonge vya nyumbani husahaulika ndani ya mkoba. Dozi ya kwanza ni mwanzoni mwa miezi 3 ya pili, kuanzia wiki ya 13 au 14 kutegemea mwongozo wa nchi. Baada ya hapo, kila hudhurio, mradi umepita mwezi mmodi tangu ya mwisho, hadi kujifungua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka zisipungue 3, na hakuna kikomo cha juu. Hata aliyeanza kliniki wiki ya 28 anaweza kuzipata zote 3: wiki ya 28, 32 na 36. Kenya hutoa SP kwenye maeneo yenye malaria nyingi tu, hasa magharibi na Pwani, kwa hiyo mama wa Nyeri asishangae kutoipata.

SP inaharibika kwa makosa mawili. La kwanza ni foliki asidi ya miligramu 5, kile kidonge kidogo cha njano kinachouzwa kila duka la dawa. SP huwanyima vimelea folati. Ukimeza folati nyingi unawalisha. Foliki ya kawaida ya mjamzito, miligramu 0.4, ambayo mara nyingi imo ndani ya kidonge cha madini ya chuma, haina shida. La pili ni Septrin. Mama anayeishi na VVU anayemeza Septrin kila siku hapewi SP, kwani zote mbili ni za familia moja na madhara yake hujumlishana. Septrin yenyewe inamkinga. Kama umewahi kutoka malengelenge au kuvimba midomo baada ya dawa yenye salfa, sema kabla hujapewa kikombe.

Chandarua chenye dawa kitundikwe kivulini kwa siku nzima kabla ya kulalia mara ya kwanza, vinginevyo kitakuwasha uso na utakiacha. Kifue kwa sabuni ya mche, si ya unga yenye nguvu, na ukianike kivulini. Jua kali huharibu dawa yake.

Ukipimwa ukakutwa na malaria isiyo kali, dawa ni ya mseto, ALu (atemetha na lumefantrini): vidonge 4 mara mbili kwa siku kwa siku 3, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza. Meza pamoja na kitu chenye mafuta, kama maziwa au karanga, la sivyo lumefantrini haiingii vizuri mwilini. Tangu mwaka 2022 WHO imependekeza ALu hata ndani ya miezi 3 ya kwanza, ambako zamani ilikuwa kwinini. Malaria kali ni sindano ya atesuneti hospitalini, umri wowote wa mimba.

Sindano, na hesabu ya kingamwili zinazovuka

Kichanga huzaliwa na kinga ya kuazima. Kondo husafirisha kingamwili za aina ya IgG kutoka kwa mama kuanzia karibu na wiki ya 13, pole pole sana mwanzoni. Wiki ya 30 hivi mtoto ana karibu nusu ya kiwango cha mama, na sehemu kubwa huvuka wiki 4 za mwisho, hadi mtoto aliyetimiza miezi azaliwe na nyingi kuliko mamaye. Mtoto njiti anaukosa mzigo huo wa mwisho. Malaria kwenye kondo na VVU visivyodhibitiwa hupunguza usafirishaji pia.

Kwa hesabu hiyo utaona kwa nini sindano ya pepopunda ina tarehe. Asiyewahi kuchanjwa hupata ya kwanza hudhurio la kwanza kabisa, ya pili wiki 4 baadaye, na ya pili isipungue wiki 2 kabla ya kujifungua. Ikichelewa, mama atakingika lakini kingamwili hazitawahi kuvuka, na kitovu cha mtoto kikikatwa na wembe mchafu au kupakwa majivu au kinyesi cha ng'ombe, hana kinga. Siku hizi sindano hiyo huwa na kinga ya dondakoo pia ndani yake. Chanjo ya mafua isiyo na virusi hai ni salama wakati wowote wa mimba. Chanjo zenye virusi hai, za surua, rubela na tetekuwanga, huahirishwa hadi baada ya kujifungua. Ya homa ya manjano hutolewa tu pale hatari ya ugonjwa inapozidi hatari ya chanjo.

Damu hasi

Kundi lako likiwa O, A, B au AB lenye Rh hasi, na baba ni chanya, hapa kinga inayofanya kazi yake vizuri ndiyo tatizo. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto huingia kwako. Mwili unaiona ngeni na kujifunza kuiua. Mtoto huyu wa kwanza kwa kawaida anapona, kwa sababu somo limekuja amekwisha kutoka. Anayeumia ni wa pili: kingamwili zinavuka kondo na kuvunja chembe zake nyekundu.

Sindano ya anti-D hufagia chembe za mtoto kabla mwili haujajifunza. Dozi ni maikrogramu 300, wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ni chanya. Inahitajika pia mimba ikiharibika baada ya wiki ya 12, ukitokwa damu, au ukianguka na kugonga tumbo. Mara nyingi dawa hii haipo kwenye zahanati na si rahisi bei, kwa hiyo siku unayoambiwa ni hasi ndiyo siku ya kuanza kuulizia ilipo, usingoje uchungu. Na mwili ukishajifunza, sindano haiufundishi kusahau.

Jikoni

Bakteria wa Listeria ni mfano halisi wa lindo lililolegezwa. Anaishi ndani ya seli, mjamzito humpata kwa takriban mara 10 zaidi ya watu wengine, na yeye huumwa kama mafua tu huku mimba ikitoka. Mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018, uliotokana na soseji ya poloni, uliua watu zaidi ya 200, wakiwemo vichanga wengi. Tofauti na bakteria wengi, huyu huzaliana ndani ya friji. Kiporo cha siku tatu kwenye friji kichemshwe hadi kitoe mvuke katikati, si pembeni tu. Maziwa ya muuza baiskeli yachemshwe yapande juu, hata kama utayagandisha mtindi baadaye. Kugandisha mtindi hakuui bakteria wa bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nao huharibu mimba. Nyama choma isiwe na wekundu ndani.

Toksoplasma ni kimelea kinachotoka kwa paka. Mayai yake yanahitaji siku 1 hadi 5 baada ya kinyesi kutoka ndipo yaambukize, kwa hiyo kinyesi cha paka kiondolewe kila siku, na mtu mwingine. Ukilima bustani vaa glavu. Kachumbari ioshwe kwa maji yanayotiririka, jani kwa jani.

Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote vizuri. Kinachotisha hapa ni homa ya ini aina E, ambayo kwa mtu wa kawaida hupita, lakini kwa mjamzito wa miezi 3 ya mwisho inaweza kuua hadi mmoja kati ya wanne au watano. Kaskazini mwa Uganda, wilayani Kitgum, mlipuko ulioanza 2007 ulionyesha hivyo. Macho yakiwa ya njano, usitafute dawa ya mitishamba ya nyongo; nenda hospitali siku hiyohiyo.

Udongo unaotafunwa ili ule uchungu wa mdomo upungue hubeba mayai ya minyoo. Dawa ya minyoo, albendazoli miligramu 400 mara moja, hutolewa baada ya miezi 3 ya kwanza. Kidonge cha chuma kisimezwe na chai. Achanisha kwa saa moja au mbili.

Homa na presha

Homa ya 38 au zaidi ni ya kupimwa siku hiyo: malaria, mkojo, kifua. Parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku, ni salama wakati unaelekea kituoni. Ibuprofeni na diklofenaki ziachwe hasa kuanzia wiki ya 20, kwani huumiza figo za mtoto na baadaye kuziba mshipa wake muhimu karibu na moyo. Doksisaiklini haifai kabisa. Homa, baridi na maumivu ya ubavu mmoja chini ya mbavu ni maambukizi ya mkojo yaliyofika kwenye figo, na hayo hayatibiwi nyumbani.

Rudi sasa kwenye zile seli za NK na mishipa. Kazi ile ya kupanua ikifanyika nusunusu, kondo hukosa damu na miezi mingi baadaye presha hupanda: hiyo ndiyo njia moja kuu ya kifafa cha mimba. Huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli au maumivu juu ya tumbo upande wa kulia ni safari ya hospitali usiku huohuo. Aliyewahi kuipata amwambie mkunga mapema, kabla ya wiki ya 20, kwa sababu asprini ya dozi ndogo ya miligramu 75 kwa siku hufanya kazi ikianzishwa wakati mishipa bado inajengwa. Ikianzishwa wiki ya 30 ni kama kumwagilia mti uliokauka.

Mwenye baridi yabisi ya kinga huenda akapata nafuu kubwa mimba ikiwa katikati; mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, hana uhakika huo. Nafuu isiwe sababu ya kuacha dawa bila daktari, isipokuwa methotrekseti, ambayo ilitakiwa iachwe kabla ya kushika mimba.

Baada ya kujifungua

Malindo hayarudi mahali pake siku kondo linapotoka. Kwa miezi kadhaa kinga inarudi kwa kishindo: baridi yabisi iliyolala huamka, tezi ya shingo huweza kuvurugika, na kifua kikuu kilichokuwa kimejificha hujitokeza. Kikohozi cha wiki 2 kwa mama anayenyonyesha kipimwe makohozi, kisiitwe uchovu wa uzazi. Homa, uchafu wenye harufu au tumbo linalouma chini ndani ya siku 42 ni dalili ya maambukizi ya mji wa mimba.

Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, yana kingamwili nyingi za aina ya IgA zinazopaka utumbo wa mtoto. Anyonyeshwe ndani ya saa moja, bila kumtangulizia maji ya sukari.

Na kadi usiitupe. Sindano ya tatu ya pepopunda ni miezi 6 baada ya ya pili. Kama ya pili uliipata wiki ya 28 na ukajifungua wiki ya 40, miezi hiyo 6 inatimia mtoto akiwa na wiki 14, siku ileile unayompeleka kwa chanjo zake. Mkabidhi muuguzi kadi zote mbili.